Mtu Aliyetulia Mbele ya Simu Yangu

Naanza kwa kukuambia kwamba sikuwa nimelewa. Pombe ilikuwepo pale, tena ya kutosha, lakini mimi nilikuwa kazini, na mtu anayepiga picha usiku kwa simu hanywi hata tone, maana mkono ukitetemeka kidogo tu kazi yote imeharibika. Sikuwa na homa, wala usingizi. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza hayo hayo, kisha hunitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kunionea huruma. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, kijijini Qurus, huku Karatu, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Wako wawili waliolishuhudia pamoja nami. Mmoja ameshafariki. Mwingine ukimkuta sokoni atakuambia kama ninavyokuambia mimi, ingawa siku hizi hapendi kuulizwa.

Mimi si mwenyeji wa Karatu. Nimezaliwa Rombo, nikaja huku kutafuta maisha wakati utalii ulipochanganya, kama walivyokuja Wachaga wengi. Nikapata kazi ya kufua kwenye loji moja iliyo juu ya mji, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Nilifua mashuka, nikapiga pasi, na jioni nikapita kukusanya taulo za wageni. Ndizo siku zile simu za kamera zilikuwa zimeanza kuonekana mikononi mwa watu. Yangu niliifuata Arusha mjini, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, na nilipoipata nikawa kama mtoto. Nilipiga picha kila kitu. Nilipiga pasi ya mkaa, nikapiga viatu vyangu, nikampiga mbwa wa mlinzi.

Usiku ndio ulionishinda. Kila nilichopiga gizani kilitoka cheusi, au nikiwasha flashi, mtu anatoka na uso mweupe kama kapakwa unga na macho mekundu.

Kulikuwa na mgeni mmoja, mzee wa Kiholanzi, aliyependa kuja loji ile kila kiangazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kinaeleweka. Jioni moja alinikuta bustanini nimeinua simu naupiga mwezi, akacheka, akaacha chai yake akaja. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alinionyesha kuzima flashi, maana taa ile ndogo inamulika pua ya mtu na kuua kila kilicho nyuma yake. Alinionyesha kuisimamisha simu juu ya kitu kisichotikisika, na kuiwekea muda ili ijipige yenyewe, kidole changu kisiisumbue. Kioo cha kamera nikifute kwanza, kwa sababu mafuta ya kidole ndiyo yanayofanya taa zitoke na manyoya. Mwanga nisiuelekeze usoni, bali niutoe pembeni, na ukiwa mkali niupitishe kwenye kitambaa cheupe.

Jambo la mwisho aliloniambia lilikuwa hili. Simu ikiwekwa kwenye hali ya usiku inafumbua jicho lake taratibu, na muda wote huo inakusanya kila kinachosogea. Kwa hiyo mtu, hata akisimama kama askari wa gwaride, lazima atoke na ukungu kidogo, kwa sababu anapumua, anapepesa macho, na moyo unampiga. Mti utatoka safi, na nyumba itatoka safi, lakini mtu aliye hai lazima atikisike. Akaniambia nisihangaike na hilo, ndivyo picha ya usiku ilivyo.

Basi nikawa fundi. Niamini, kwa wakati ule Karatu nzima hukumpata mtu wa kukupiga jioni ukatoka wewe na taa za mji nyuma yako. Watu wakaanza kuniita kwenye kipaimara, ubarikio, na sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa. Picha nilikuwa nazirusha kwa bluetooth kwa mwenye simu yake, na asiye na simu nilimpelekea kadi ya kumbukumbu Arusha zikasafishwe. Kazi ya kufua sikuiacha, lakini Jumamosi nilikuwa mtu mwingine.

Ndivyo nilivyofika kwenye sendofu ya Paskalina.

Paskalina alikuwa binti wa Kiiraqw, wa pale pale Qurus, mwalimu wa chekechea. Alikuwa anaolewa na Wilbadi, kijana wa kwetu Rombo aliyekuwa dereva wa watalii, jirani yangu wa nyumba ya kupanga. Wilbadi ndiye aliyenileta. Kuhusu familia ya binti nilijua kidogo tu: kwamba baba yake alifariki siku nyingi, kwamba mama amemlea peke yake kwa kulima mbaazi na ngano, na kwamba baba mdogo ndiye angesimama pale mbele kumkabidhi. Mengine sikuuliza. Mpiga picha haulizi. Anatafuta mwanga ulipo.

Ilikuwa Julai. Kama hujawahi kukaa Karatu mwezi wa saba, huwezi kujua baridi hiyo. Jua likizama tu, ukungu unaanza kutambaa kutoka juu huko kwenye kingo za kreta, unashuka msituni, unakuja hadi mashambani. Watu walikuwa wamejifunga mashuka na vitenge juu ya nguo zao nzuri, na kila aliyefungua mdomo alitoa moshi. Jenereta lilinguruma nyuma ya nyumba. Chini ya turubai ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, alikuwa ameshakatwa, muziki umewashwa, na mshereheshaji amekauka sauti.

Paskalina akanifuata pembeni. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zambarau na ushungi mwepesi wa kitambaa hicho hicho. Akaniomba nimpige picha moja ya peke yake, nje, mbali na watu, iwe na taa za Karatu zinazoonekana kule bondeni na giza la mlima upande wa pili. Aliniambia hapo ndipo alipokuwa akikaa na mama yake jioni alipokuwa mdogo, kwenye ukingo wa shamba, na kesho yake alikuwa anaondoka. Nikaona ni picha nzuri sana. Mpaka leo nasema ilikuwa picha nzuri sana.

Tukatoka na msimamizi wake. Nikabeba kreti mbili za soda tupu, nikazipanga moja juu ya nyingine, nikaweka simu juu yake na kuiegemeza kwenye jiwe. Wilbadi alituachia pikapu, taa zake nikazipitisha kwenye shuka jeupe tulilolitandaza kwenye fito, mwanga ukaja laini kabisa, wa pembeni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, limebaki shamba la mabua. Paskalina akasimama, akaanza kutetemeka. Nikamwambia akitetemeka hivyo atatoka kama mzimu. Ndiyo, nilisema neno hilo, tena kwa kucheka. Msimamizi akarudi mbio kumfuatia shuka la kujifunika wakati mimi natengeneza.

Hapo ndipo mtu yule alipokuja.

Alitokea upande wa mabuani, akitembea kawaida tu, kama mtu aliyetoka kujisaidia. Alikuwa mwanamume wa makamo, mrefu, mwembamba, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na suruali iliyokunjwa chini. Hakuwa na koti wala shuka. Nililiona hilo mara moja na nikamsikitikia, kwa baridi ile. Akasalimia kwa Kiiraqw, Paskalina akaitikia kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa. Mimi akanisalimia kwa Kiswahili, cha lafudhi nzito ya wazee wa huku.

Akasema, "Mama, naomba unipige na binti."

Nilidhani ni mjomba wa Paskalina, au jamaa wa baba mdogo. Paskalina naye, aliniambia baadaye, alidhani ni mtu wa upande wa Wilbadi, kwa kuwa niliongea naye kana kwamba namfahamu. Unaona mambo yanavyokuwa? Kwenye sherehe kila mtu ni mgeni wa mwenzake. Nikamwambia karibu mzee, simama hapo, kulia kwake, usogee kidogo, hapo hapo. Akasimama. Hakumgusa. Wazee wengine wangemshika bega, wangetaka kumpa mkono ili waonekane. Yeye aliacha nafasi ndogo kati yao, akakaa na mikono yake imelala ubavuni.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza watu wote: mkisikia mlio, vuteni pumzi, mshikilie, msipepese macho, msisogee mpaka niseme basi.

"Mimi sitatikisika," akasema.

Kisha, wakati nimeinama nakifuta kioo kwa upindo wa kanga, nilimsikia anamuuliza Paskalina jambo moja, taratibu, kwa Kiiraqw. Kiiraqw changu kilikuwa cha sokoni, lakini swali lile nililijua, ni la kila nyumba. Alimuuliza kama amekula. Paskalina akajibu kwamba amekula, baba. Kama mtu yeyote anavyomwita mzee, baba.

Nikabonyeza. Muda ukaanza kuhesabu. Na katikati ya hapo nikaona shingo ya Paskalina inageuka. Alitaka kumtazama. Nadhani sauti ile ilimgusa mahali, au labda ni adabu tu ya kutaka kumjua anayekuuliza. Nami nikamkataza.

"Paska, usigeuke. Tazama simu."

Akageuza uso haraka, akatazama simu. Mlio ukalia. Nikapiga na ya pili, kwa usalama, na safari ile hakusogea hata kidogo, kwa sababu ni binti msikivu.

Nikasema basi. Mzee akanishukuru. Akasimama kidogo, akimtazama Paskalina ambaye alikuwa anajipangusa macho yaliyotoa machozi kwa ule mwanga, kisha akaondoka kwa njia ile ile aliyojia. Msimamizi alipofika na shuka alitukuta wawili tu. Alituuliza tulikuwa tunaongea na nani, tukamwambia mzee mmoja. Akapandisha mabega. Tukapiga zile picha za peke yake, na tukarudi kwenye sherehe.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wananikatiza.

Baadaye kidogo nilisikia vidole vimekufa ganzi, nikaenda jikoni kuota moto. Lilikuwa jiko la kando, la mabanzi, na mama yake Paskalina alikuwa amekaa humo peke yake, kwenye kigoda, mbali na kelele. Nikamwamkia, akaniitikia na kunisogezea kigoda kingine. Nikatoa simu kuzikagua picha kabla betri haijaisha.

Ya kwanza niliyoifungua ni ile. Nikaitazama, nikafurahi, kisha furaha ikasita.

Paskalina alikuwa ametoka vizuri lakini na ule ukungu wake wa kawaida: ushungi umefifia pembeni, vidole havionekani vizuri, na mbele ya mdomo kuna kawingu keupe kwa sababu hakuweza kuishikilia pumzi. Yule mzee pembeni yake alikuwa amekaa kwenye picha kama amechongwa. Nilikuwa naweza kuona vifungo vya shati, kimoja kimoja. Niliona mshono kwenye mfuko uliowekwa uzi wa rangi nyingine. Mbele ya mdomo wake hapakuwa na chochote. Nikafungua ya pili, ni vile vile. Kwa simu ile, kwa giza lile, jambo hilo haliwezekani. Nilikuwa nimepiga mamia ya picha za usiku na sikuwahi kuliona. Nilihisi mgongo unapoa huku moto ukiwa mbele yangu. Nikajaribu kujiambia kwamba labda yeye alitulia kweli. Lakini nani anatulia hivyo?

Nilimwonyesha mama. Sikuwa na maana yoyote, nilitaka tu kumuuliza mzee huyu ni wa upande gani.

Aliichukua simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na moto, akaisogeza mbali, akaifuta kwa kitenge chake, akaitazama tena. Nikadhani haoni vizuri. Kisha akaniuliza kama alikuwa amevaa koti. Nikamwambia hapana, hata nilimwonea huruma. Akauliza kama aliongea. Nikamwambia aliongea kidogo, alimuuliza Paskalina kama amekula.

Mama akaweka simu mapajani, akafunika mdomo kwa kiganja.

Yaliyofuata alinieleza kwa sauti ya chini, akikatisha kila watu walipopita nje. Yule alikuwa mume wake, Tluway, baba yake Paskalina. Paskalina alikuwa bado ananyonya wakati ng'ombe wao mmoja alipopotelea juu msituni, upande wa Ngorongoro. Tluway akamfuata. Ukungu ukashuka, siku ile na iliyofuata. Majirani walimtafuta kwa wiki nzima, kwenye njia za nyati na kwenye makorongo, na walichopata ni koti lake tu, limening'inia kwenye tawi, halijachanika, kama mtu aliyelivua ili afanye kazi. Koti ndilo walilozika. Hajawahi kupigwa picha maishani mwake. Alikuwa akisema wataenda mjini wote watatu baada ya mavuno. Na alikuwa na tabia, akitoka shambani, kabla hajaweka jembe chini, anauliza, mtoto amekula?

Nilimwambia tumwite Paskalina. Nilishasimama. Mama akanishika kanga.

"Mwanangu, ifute."

Nikakataa. Nilimwambia mtoto hajawahi kuiona sura ya baba yake, hii ndiyo picha pekee duniani, tunaifutaje? Hakunifokea. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kesho binti yake anaingia nyumba mpya kuanza maisha, na asingependa aingie na marehemu kwenye mkoba. Kwamba Tluway amehangaika miaka yote hiyo bila kaburi la mwili wake, sasa amekuja amemwona binti, amemkuta mkubwa, ameshiba, anaolewa. Tukimshikilia kwenye simu hatalala. Alisema, "Mimi ndiye niliyezika koti. Niache nimzike na yeye."

Ungefanyaje wewe? Nilikuwa nani mimi, mfuaji wa loji, wa kubishana na mjane juu ya mume wake? Na kusema kweli niliogopa. Nilitaka picha ile itoke mikononi mwangu. Nikamwonyesha kitufe. Simu ikauliza kama ana hakika, yeye hakujua kusoma vizuri maandishi yale madogo, nikamsomea, akaitikia kwa kichwa na kubonyeza mwenyewe. Mara ya kwanza na mara ya pili. Kabla ya ile ya pili aliitazama sana. Alipitisha kidole gumba juu ya kioo, mara moja, kisha akabonyeza. Halafu akaniomba nisimwambie mtu, akainuka kwenda kuangalia wali.

Paskalina aliolewa. Wakapanga nyumba karibu na kwangu, tukawa kama ndugu. Wiki chache baada ya harusi aliniuliza ile picha na mzee aliyekuja shambani iko wapi, kwa sababu Wilbadi hamkumbuki mtu wa namna hiyo kwa upande wao. Nikamwambia iliharibika. Hakuuliza tena, na mimi nikawa najua kwamba kila nikinywa chai kwake nakunywa juu ya jambo nililomficha.

Mama yake alifariki miaka michache baadaye, kwa kifua. Tulipomaliza matanga nikaona ahadi yangu imekwisha. Nilimwita Paskalina, tukakaa nyuma ya nyumba, nikamwambia yote kama ninavyokuambia wewe. Hakulia. Nilitegemea alie, au anikasirikie, ningejua la kufanya. Aliokota vijiti na kuvivunja vunja. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Dada, alikuwa na sura gani?"

Nikafungua mdomo kumweleza.

Nilikumbuka vifungo. Nilikumbuka uzi wa mfukoni, mikunjo ya suruali, mikono ilivyolala. Lakini uso? Niamini, niliutafuta kichwani mpaka nikasikia maumivu. Pale shambani sikumtazama. Nilikuwa natazama mwanga unavyomwangukia. Kwenye simu nilikuwa natazama jinsi alivyotoka bila ukungu. Nilimpanga, nikamsogeza kulia, nikampiga mara mbili, na sikumwona. Nikamwambia Paskalina alikuwa mrefu. Akasema hilo mama alishamwambia.

Na Paskalina je? Alisimama karibu na mzee kiasi cha kusikia sauti yake, lakini mwanzo alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, na mwisho macho yalikuwa yamejaa ule mwanga wangu. Katikati, aliniambia, alitaka kugeuka. Hakumalizia. Hakuhitaji, mimi nilijua nani aliyemkataza.

Niliichukua kadi ile ya kumbukumbu nikaipeleka Arusha kwa kijana mmoja wa kompyuta aliyesifika kurudisha vitu vilivyofutwa. Alirudisha maharusi wa watu, alirudisha vipaimara, alirudisha hata mbwa wa mlinzi. Zile mbili hakuzipata. Akasema mahali zilipokuwa pameshaandikwa vitu vingine.

Picha za usiku niliziacha. Watu walinibembeleza, nikawaambia macho yamechoka. Paskalina sasa ana watoto wawili, na mkubwa, wa kiume, ni mrefu, mwembamba, mtulivu. Huwa anamleta kwangu, anamsimamisha mlangoni, ananitazama mimi. Najua anachoniuliza. Kila mara namtazama yule mtoto kwa makini, na kila mara namwambia sina hakika. Ni kweli, sina hakika. Ningeweza kumdanganya, ningesema ndiyo, ni yeye mtupu, na pengine angelala vizuri siku hiyo. Ila nilishamdanganya mara moja.

Wilbadi anasema tulimwona mpita njia tu, mlevi fulani wa kijijini, na mama alikuwa mzee mwenye majonzi. Huenda. Simgombezi, hakuwepo. Lakini hakuna hata mmoja Qurus aliyewahi kujitokeza akasema ni mimi niliyepigwa picha usiku ule.

Nimalize kwa kukuonya, hasa wewe kijana mwenye simu nzuri kuliko ile yangu. Ukiwa nje jioni unapiga picha, na mtu usiyemfahamu akatoka gizani akaomba asimame na mwenzako, usikimbilie kumpanga. Acha kwanza mwanga wako, acha simu. Mpe mkono umjue kama ana joto, muulize ni nani, mtazame usoni mpaka utakapoweza kumweleza mtu mwingine. Na huyo mwenzako akigeuza shingo kumtazama, kaa kimya umwache atazame hadi atosheke. Wakishamaliza, kama mgeni bado yupo, ndipo upige.